Hodi Kabla ya Safari: Kupanga Mwendo wa Gari kutoka Mtwara hadi Mucojo

(Hotuba iliyosomwa na dawati la Polisi Jamii mbele ya madereva, wenye magari na familia zenye asili ya pwani ya Cabo Delgado waishio mkoani Mtwara)

 

 Mara nyingi tunapowaita huwa tuna onyo mkononi, nanyi huja mkiwa mmejiandaa kuonywa. Leo tumekuja na jambo ambalo wengi wenu mmelileta wenyewe ofisini kwetu. Mmekuwa mkituuliza: tukitaka kwenda Mucojo kwa gari letu, tukawaone wazee na kuzuru makaburi, tuipangeje safari hiyo? Tumeona swali hili lijibiwe mbele ya wote, kwa kuwa anayelijibu vibaya hujiumiza yeye, na huwaumiza na wale aliokwenda kuwaona.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatukuja kuwahimiza kusafiri. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, hali ya Cabo Delgado imekuwa ikipanda na kushuka kama maji ya bahari. Kuna miezi ambayo watu wa Mucojo wamerudi wakajenga upya, na kuna miezi ambayo wamekimbia tena wakiwa na nguo walizovaa. Kwa hiyo lolote tutakalosema hapa ni la mtu ambaye ameshauliza, akajibiwa na watu wa huko wenyewe kwamba wakati huu njia inapitika. Akiambiwa haipitiki, mpango mzuri kuliko yote ni kubaki nyumbani na kutuma salamu. Kuahirisha safari nako ni kupanga.

Bara inayoishi kama kisiwa

Baadhi yenu mmefanya kazi Unguja na mmewaona wageni wakikodi magari wakakizunguka kisiwa. Mtu huchukua kibali chake cha kuendesha, hukionyesha anaposimamishwa barabarani, huenda Nungwi, hushuka Makunduchi, na jioni amerudi mjini. Kisiwa hicho kina urefu wa kilomita zipatazo 85, na pande zote kina bahari inayomwambia dereva: hapa ndipo mwisho. Hata akipotea, ataitafuta barabara kubwa imrudishe mjini. Wenye ndugu Ngazidja nao wanajua kwamba barabara ya pwani huuzunguka mlima Karthala, na anayeifuata bila kuiacha hujikuta alipoanzia. Kupanga safari ya namna hiyo ni kuchagua utalala wapi na utakula nini.

Mucojo iko bara, lakini kwa msafiri wa gari inaishi kama kisiwa kigumu kuliko hivyo viwili. Mashariki yake ni bahari. Nyuma yake ni misitu, na upande wa kaskazini mto Messalo unashuka kuingia baharini. Kutoka mji wa Macomia mpaka Mucojo ni mwendo wa kilomita kama 50, na njia ya gari ya kutegemewa ni hiyo moja. Ukiingia kwa njia hiyo, utatoka kwa njia hiyo. Mvua ikiikata, au watu wabaya wakiikalia, hakuna barabara ya pili ya kukurudisha mjini. Ndiyo maana mtu wa Mucojo tangu zamani ameiamini jahazi na mashua kuliko gurudumu.

Kwenye mahali pa namna hiyo, gari si jambo dogo. Unguja gari geni ni mteja. Mucojo gari geni ni swali, na kila anayeliona hujijibu swali hilo kwa yale aliyokwisha kuyapata.

Sufuria iliyokuwa ikichemka

Tuwasimulie yaliyoipata familia moja ya hapa hapa mkoani. Hatutaitaja, nayo imeturidhia tuyaseme.

Ilikuwa mwaka 2023, katika kipindi ambacho watu wengi wa pwani ya Macomia walikuwa wameanza kurudi makwao. Vijana wanne wa familia hiyo waliazima gari kubwa lenye vioo vya giza, wakaenda kumwona bibi yao ambaye hawakuwa wamemwona kwa miaka minne. Hawakuwa wazembe. Walikuwa na pasi za kusafiria, leseni na karatasi za gari. Walilala Mueda, wakafika Macomia salama, na walipofika hapo wakatuma ujumbe kwa ndugu yao: tutafika kesho saa 5.

Wao walikusudia saa tano asubuhi, kwa hesabu yetu ya Kiswahili na kwa saa ya Tanzania. Kijana aliyeupokea ujumbe amesoma shule ya Kireno. Kwake yeye, tano ya mchana ni ile ambayo sisi twaiita saa kumi na moja jioni. Akamwendea kiongozi wa kijiji akamwambia kwamba wageni wao wataingia jioni, kabla ya jua kuzama, na kiongozi akawatangazia watu hivyo hivyo.

Gari likaingia asubuhi. Hakukuwa na mtu wa kulipokea njiapanda. Watoto waliokuwa wakicheza waliona gari lisilojulikana, vioo vya giza na vijana wanne ndani, wakapiga kelele. Kijiji kilichokwisha kukimbia zaidi ya mara moja hakihitaji kuambiwa mara mbili. Vijana wetu walipofika nyumbani kwa bibi yao waliukuta mlango wazi, sufuria ikichemka jikoni, na nyumba haina mtu. Wakakaa barazani wakingoja, wasijue kwamba waliokimbiwa ni wao.

Bibi alirudishwa jioni akiwa amebebwa mgongoni na jirani. Alikuwa ameanguka katika minazi akaumia goti. Watoto wawili wa nyumba ya pili hawakuonekana mpaka usiku ulipoingia. Alhamdulillahi, wote walipatikana. Vijana wanasema bibi hakuwakemea. Aliwauliza jambo moja tu: “Wajukuu zangu, mbona hamkupiga hodi?”

Wahenga walituambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana wale walikwenda na dawa, nguo na mapenzi, na mwenyeji akaumia. Kilichokosekana si gari zuri wala ujasiri. Gari halina mdomo wa kusema hodi, kwa hiyo hodi yake lazima itangulie. Yote tutakayoyasema sasa ni namna ya kupiga hodi hiyo, tangu mlango wa kwanza mpaka wa mwisho.

Msimu na njia

Hodi ya kwanza hupigiwa mbingu. Mvua za upande ule huanza takriban Desemba na huendelea mpaka Aprili, na katika miezi hiyo hiyo Bahari ya Hindi huleta vimbunga. Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, wakati wengi walidhani msimu umekwisha, na Macomia ni miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Hata hapa Mtwara Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutahadharisha. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo mafuriko yalivunja daraja la mto Montepuez, na wilaya za kaskazini zikatengana na Pemba kwa barabara. Basi anayepanga kwenda kwa gari apange kati ya Juni na Oktoba, ardhi ikiwa imekauka. Asipange Aprili kwa sababu tu ndiyo likizo aliyoipata.

Hodi ya pili ni ya njia. Ziko njia mbili kuu kutoka kwetu. Ya kwanza ni fupi: kwenda Kilambo, kuvuka Ruvuma kwa kivuko, kisha Palma na Mocímboa da Praia. Njia hii hutegemea mto na kivuko chenyewe, na hupita katika nchi ambayo Machi 2021 iliona mapigano makubwa ya Palma. Msiifuate kwa kukumbuka kwamba mwaka fulani mlipita. Ulizeni wiki ile ile ya safari kama kivuko kinafanya kazi na kama kinapakia magari.

Ya pili ni ndefu, lakini mto huvukwa juu ya zege. Ni ya Mtwara, Masasi, Mangaka na Mtambaswala, mpaka Daraja la Umoja. Daraja hilo lina urefu wa mita 720. Wazo lake ni la tangu wakati wa Mwalimu Nyerere na Samora Machel, na lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Marais Kikwete na Guebuza. Ng'ambo yake ni Negomano, na kutoka hapo barabara hupanda kuelekea Mueda, hugeuka kusini, huvuka Messalo, hupita Chai na kufika Macomia. Wazee wetu waliopo hapa hawahitaji kuelezwa Chai ni wapi. Hapo ndipo tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vya FRELIMO vilipoanzia. Katika vita hivyo watu wa ng'ambo walivuka mto wakapokewa upande huu. Undugu tunaousafiria leo una deni hilo ndani yake.

Kwa njia hii ya pili, gawanyeni safari katika siku tatu. Siku ya kwanza mlale Masasi. Hakuna faida ya kufika mpakani jioni mkakuta ofisi zimefungwa. Siku ya pili mvuke asubuhi mapema na mlale Mueda. Siku ya tatu mfike Macomia, mwulize habari za njia, na hapo ndipo mtajua kama mtaendelea. Kuna vipindi ambavyo magari kati ya vituo hivyo huenda kwa msafara wenye ulinzi wa jeshi. Mkiambiwa mngoje msafara, ngojeni, hata ikiwa ni siku nzima. Gari linalojitenga na msafara kwa sababu dereva anaijua njia huwa limejitenga pia na msaada.

Saa mbili na hesabu mbili

Jambo hili tunalikazia kwa sababu ndilo lililomwangusha bibi yule, na kwa sababu halimo katika ramani yoyote.

Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mkivuka daraja saa nne asubuhi kwa saa ya Mtwara, upande wa pili ni saa tatu. Wasafiri hufurahi wakadhani wameongezewa muda. Ukweli ni kwamba jua halikuongezwa. Mwezi Juni, jua la Mucojo huzama karibu na saa kumi na moja jioni kwa saa ya huko. Anayesema “nitaingia saa kumi na moja, bado mchana” kwa mazoea ya kwetu, anaingia gizani. Kwa upande mwingine alfajiri huwahi: kufikia saa kumi na moja na nusu kunakuwa kumeshapambazuka. Faida ya saa hiyo iko asubuhi, wala haiko jioni. Ondokeni mapema, na mwe mmefika kabla ya saa nane mchana kwa saa ya Msumbiji.

Juu ya hilo kuna hesabu. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na wenye mazoea ya Kireno huhesabu tangu usiku wa manane. Ndugu yenu wa Mucojo aweza kuzungumza Kimwani na Kiswahili kizuri, na bado akaisoma saa kwa Kireno kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa shuleni. Kwa hiyo msiandike tarakimu peke yake. Andikeni: asubuhi, baada ya chai, kabla ya adhuhuri. Kisha pigeni simu, mwulize: umeelewa tutafika wakati gani? Naye ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Swala ya adhuhuri haina saa ya Tanzania wala ya Msumbiji. Jua likipinduka Mucojo, kila mtu ameliona.

Gari, karatasi na mizigo

Kuhusu gari tutasema kwa ufupi, kwani wengi wenu mnayajua haya kuliko sisi. Liwe gari lililo juu, lenye matairi mazuri, tairi la akiba, jeki na kamba ya kuvutia. Kwa sheria za Msumbiji muwe na pembetatu mbili za tahadhari na fulana zinazoakisi mwanga. Jazeni mafuta Masasi, na mwulize kabla kama Mueda yapo. Msijaze gari madumu ya mafuta, kwa sababu katika nchi yenye vita, mafuta mengi yasiyo na maelezo humletea mwenyewe maswali mengi.

Karatasi za kuchukua ni hizi: pasi ya kusafiria ya kila mtu, leseni ya dereva, kadi ya gari, na kama gari si la dereva, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa kisheria. Mpakani mtapewa kibali cha forodha cha kuliingiza gari kwa muda. Kitunzeni, kwani ndicho kitakachodaiwa mtakapotoka. Bima ndogo ya hapa nchini isihesabiwe kuwa imetosha ng'ambo. Ulizeni mpakani bima ya huko. Jifunzeni na maneno machache ya Kireno: “carta de condução” ni leseni, “livrete” ni kadi ya gari, “seguro” ni bima. Baadhi ya askari wa Rwanda walioko Cabo Delgado tangu Julai 2021 wanajua Kiswahili, lakini askari wengi wa Msumbiji mtakaokutana nao hawakijui.

Kuhusu mizigo, tunawaomba msimamo mmoja. Usibebe kifurushi ambacho hukukifunga wewe, hata kama anayekuletea ni jirani, na hata kama anasema ni dawa ya mama yake. Mwambie akifungue mbele yako, mkifunge pamoja. Akikataa, mzigo umekataa wenyewe. Na abiria ni hivyo hivyo. Tunajua mila zetu zinaona haya kumpita mtu anayetembea juani. Lakini ukishampakia, mbele ya kizuizi atakuwa mtu wako, na utaulizwa yeye ni nani. Usipokuwa na jibu, huruma yako haitakuwa na shahidi.

Kwenye vizuizi

Mtasimamishwa mara nyingi. Punguzeni mwendo tangu mbali. Shusheni vioo vyote, zimeni redio, mikono ionekane, na aseme mmoja tu. Mkikuta giza limeingia, washeni taa ya ndani. Msiwapige picha askari, madaraja wala mashua, hata kwa kumbukumbu ya familia. Anayesimama pale na bunduki huenda jana alimzika mwenzake, naye hana njia ya kukujua ila kwa ulivyojiweka.

Mmetueleza kwamba kuna mahali wasafiri hudaiwa fedha zisizo na sababu. Hatutajifanya hatujasikia. Faini halali ina stakabadhi. Iombeni kwa adabu, msigombane, msitoe matusi. Mkidaiwa bila stakabadhi, kumbukeni mahali, siku na saa, mkirudi mtuletee, nasi tutayapeleka panapohusika kwa njia za ushirikiano zilizopo baina ya majeshi yetu mawili. Tunasema hivyo tukijua kwamba ahadi hii itapimwa kwa matendo yetu.

Karatasi ya safari

Sasa tufike kwenye kile tunachowaomba mkitoke nacho hapa leo. Ni karatasi moja tu. Iandikeni kwa mkono, nakala tatu.

Andikeni majina ya wote waliomo garini na namba zao za simu. Andikeni namba ya gari, aina yake na rangi yake. Andikeni njia mtakayopita na mahali mtakapolala kila usiku. Andikeni jina la mwenyeji wenu Mucojo na la kiongozi wa kijiji atakayejulishwa. Andikeni siku ya kurudi. Mwisho, andikeni jina la mtu mmoja hapa nyumbani atakayengoja simu yenu kila jioni.

Nakala moja ibaki na huyo anayengoja. Ya pili iwe garini. Ya tatu mpeni Mkaguzi wa Polisi wa kata yenu, ambaye ataipokea bila malipo yoyote. Kisha msomeeni mwenyeji wenu kwa simu kila kilichoandikwa, naye amweleze kiongozi wake: gari la namna fulani, rangi fulani, watu kadhaa, wajukuu wa fulani, watakuja siku fulani kabla ya adhuhuri. Mwombeni awatume watu wawili wanaofahamika wawangoje njiapanda, muingie nao. Karibu na kijiji shusheni vioo, mwende polepole, na mwenyeji akae mbele, mahali atakapoonekana. Mkifika, msiende kwanza nyumbani. Nendeni kwa kiongozi, kisha kwenye kituo cha walinzi, mjitambulishe. Hodi ya mwisho ndiyo ya mlango wa bibi.

Kwa yule anayengoja hapa nyumbani tunasema hivi. Kule minara mingi ya simu iliharibiwa katika mashambulizi, kwa hiyo jioni moja bila simu si msiba. Kubalianeni kabla ya safari ni wapi simu itakosekana na kwa muda gani. Lakini muda mliokubaliana ukipita kwa siku nzima, njoo kituoni siku hiyo hiyo na karatasi yako, au piga 112. Usingoje siku tatu kwa kuona haya. Sisi tukiambiwa tu kwamba fulani alikwenda Msumbiji, hatuna pa kuanzia. Tukipewa njia, rangi ya gari na mahali walipolala mara ya mwisho, tunaweza kuuliza swali linalojibika.

Jambo ambalo halisemwi

Tunajua kwa nini wengi wenu hamji kutuambia mnaposafiri. Vijana waliovuka mto wameshukiwa. Familia zimeulizwa maswali magumu kwa sababu tu ya mahali walikozaliwa. Mama mmoja alituambia, nasi tumelikumbuka neno lake: “Nikiwaambia mwanangu amekwenda Cabo Delgado, mtamwandika msafiri au mtamwandika adui?”

Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni la wazi. Hatuwezi kuahidi kwamba hamtaulizwa. Vijana kutoka nchi zetu wamedanganywa wakajiunga na wauaji, na wajibu wetu ni kuwazuia wengine wasipotee hivyo. Tunachoweza kusema ni kwamba kijana aliyeacha karatasi ya safari yenye jina la bibi yake, na siku ya kurudi, na simu ya mjomba anayemngoja, ametupa neno la kumsemea atakapokosa mtu wa kumsemea. Aliyeondoka kimya usiku hutuacha mikono mitupu, hata kama hana kosa. Nasi kwa upande wetu tumekubaliana kwamba nakala mtakayoiacha kwa Mkaguzi wa kata ni ya kumtafuta msafiri akipotea. Mkisikia imetumika kumsumbua mtu aliyekwenda kuzika, njooni mtuulize hadharani, katika mkutano kama huu.

Ndugu zetu, vijana wale wanne walirudi Mtwara salama. Bibi yao angali hai na goti limepona, ingawa alihama tena mwaka uliofuata. Mdogo wao alikuja ofisini kwetu na daftari. Alikuwa ameandika kila kitu, njia, saa za nchi zote mbili, majina ya viongozi, rangi ya gari, akauliza kama safari ya pili itawezekana. Siku ile hatukuweza kumwambia ndiyo. Tulimwambia alitunze daftari, na aendelee kuuliza kila msimu.

Siku itakayowezekana, tungependa aingie Mucojo mchana, vioo vikiwa chini, mwenyeji amekaa mbele, na watoto walikimbilie gari badala ya kulikimbia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone, kwanza ajue ni nani anayekuja.

 Sasa ni zamu yenu kusema nasi kusikiliza.